Namna ya Kusoma Ishara za Dini Katika Mhusika: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Kinjeketile

Nikiwa kidato cha tano niliandika insha iliyoanza hivi: "Kinjeketile ni ishara ya Yesu kwa sababu aliteswa kwa ajili ya watu wake." Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu maneno matatu tu: "Na Hongo je?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeuruka mto, nikayaruka maji, nikampita pepo aliyemvuta mtu majini, nikakimbilia msalaba ambao tamthilia yenyewe haiutaji.

Kosa lile bado naliona kila mwaka katika insha za wengine. Mhusika akiteswa, anaitwa Yesu. Akiwaongoza watu kutoka utumwani, anaitwa Musa. Akimsaliti rafiki, ni Yuda. Kazi inaishia hapo, na mhusika aliyeandikwa kwa taabu anageuka kivuli cha mtu mwingine. Njia ninayoieleza hapa inakwenda kinyume: uanze na dini iliyomo ndani ya kazi, umalizie na dini uliyokuja nayo wewe msomaji.

Mfano wangu mkuu ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, kwa kuwa wengi tumeisoma na nakala zinapatikana. Kama hukuisoma, kiini chake ni hiki. Watu wa kusini mwa Tanganyika wanateseka chini ya Wajerumani. Mtu mmoja aitwaye Kinjeketile anavutwa na pepo Hongo hadi mtoni, anazama, kisha anatoka mzima na kuwapa watu dawa ya maji ya kuwalinda na risasi. Makabila yanaungana. Vita vinapiganwa, watu wanakufa, na yeye anaishia gerezani.

Kwanza: orodhesha vitu, usiorodheshe maana

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili chukua karatasi, uandike kila kitu cha kushikika kinachomzunguka mhusika: kitu, mahali, tendo, sauti, neno linalorudiwa. Usiandike "ukombozi". Usiandike "imani". Hayo ni majibu, na bado hujaulizwa swali.

Orodha yangu ya Kinjeketile ilikuwa na mto, kuzama, kutoka mkavu, maji ya dawa, jina la Hongo, jina la Seyyid Said (sultani wa Zanzibar wa zamani), neno "neno" lenyewe, na gereza. Vitu vinane vinatosha kwa insha nzima, hata kwa mbili. Ukiona orodha imefika ishirini, ujue umeanza kuokota kila kijiti njiani.

Hapo tutofautishe jambo moja haraka. Ishara si tashbihi. Mwandishi akisema fulani ni mkali "kama simba", amefananisha na amemaliza. Ishara ni kitu ambacho kipo kweli ndani ya hadithi, kinagusika na wahusika, na bado kinabeba kitu kingine. Maji ya Kinjeketile yananyweka. Ndiyo maana yana uzito.

Pili: tafuta ni dini ya nani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapopita mbio.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, kwa kung'oa pamba, na havikuzimika kabisa hadi 1907. Ila maji yalitangulia vita. Kando ya mto Rufiji kulikuwa na tambiko la zamani la pepo Bokero, watu wakienda kuomba mvua na rutuba ya mashamba. Hongo alikuwa pepo wa tambiko hilohilo, chini ya Bokero. Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alipagawa na Hongo mwaka 1904, na masimulizi yaliyokusanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 yanaeleza kwamba alizama kwenye kidimbwi akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Maji aliyoyatoa yalichanganywa na nafaka. Watu waliyanywa na kunyunyiziwa.

Sasa rudi kwenye orodha. Mtu wa Ngarambe aliyemwona mwenzake akitoka mtoni mkavu hakuwa na haja ya kufikiria Yohana Mbatizaji. Alikuwa anafikiria mvua, mavuno, na yule ambaye babu zake walimwendea kumtambikia. Maji hayo hayakuwa na kazi ya kuosha dhambi. Maji ya kuomba chakula yamegeuzwa kuwa maji ya kuzuia risasi, na mgeuko huo peke yake ni ishara yenye kina kuliko ubatizo wowote tutakaoubandika. Kumbuka tamthilia inafunguliwa na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wanaozungumza juu ya njaa. Maji ya mavuno yanahitajika kwa sababu mavuno hayapo, na mavuno hayapo kwa sababu nguvu za watu zimekwenda kwenye pamba ya Mjerumani. Ukishaliona hilo, huwezi tena kusema maji ni "ishara ya imani" ukanyamaza.

Njia ya kuifanya hatua hii ni rahisi ingawa inachosha. Kwa kila kitu katika orodha, andika sentensi moja inayoanza na "Kwa watu wa mahali hapa, kitu hiki kilikuwa…" Ukishindwa kuimaliza, nenda maktaba au kamuulize mzee anayejua. Usiijaze kwa kubahatisha. Tahadhari pia na majina yanayofanana na maneno ya leo. Niliwahi kusahihisha insha iliyosema Hongo ni ishara ya rushwa kwa sababu hongo ni rushwa. Mwandishi wake alikuwa na akili kali kabisa, ila alifungua kamusi kabla ya kufungua historia.

Tatu: nani anaiamini ishara?

Ishara ya dini haisimami yenyewe. Inahitaji mashahidi. Chora safu tatu: kilichotokea, nani aliamini, nani alishuku. Pitia tukio moja moja.

Katika Kinjeketile jedwali hili linaleta jambo la kutisha kidogo. Umma unaamini haraka. Kitunda, aliyepewa kazi ya kufundisha jeshi, anayaona mambo kwa jicho la askari. Na anayeshuku kuliko wote ni Kinjeketile mwenyewe. Akiwa amepagawa anatamka kwamba baada ya kumfukuza Mjerumani watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili yake ikirejea, anasikia alichosema na kushtuka. Kumwondoa mtawala mmoja ili kuwa wana wa mtawala mwingine, huo ni ukombozi gani? Hapo ndipo anapoanza kuliogopa neno lililotoka kinywani mwake.

Fanya hesabu kidogo. Seyyid Said bin Sultan alifariki mwaka 1856, miaka 49 kabla ya vita. Watu wa kusini wanaahidiwa ulinzi wa maiti, tena maiti wa mtawala ambaye chini yake misafara ya utumwa ilipita katika nchi hiyohiyo. Huhitaji kuwa mwanahistoria kuhisi ubaridi wa ahadi hiyo, ingawa wahusika jukwaani wanaishangilia. Msomaji anajua asichokijua umma. Hiyo ndiyo kejeli, na katika ishara za dini kejeli hujificha mara nyingi kwenye safu ya tatu ya jedwali lako.

Ikiwa safu ya tatu ni tupu, yaani hakuna anayeshuku chochote, jiulize kama unasoma hadithi au hotuba.

Nne: ifuate ishara moja tangu mwanzo hadi mwisho

Chagua moja. Mimi nachagua maji.

Mwanzo maji ni mto, mali ya pepo, mahali pa kuogopwa. Kisha yanakuwa dawa, mali ya mganga. Kisha yanakuwa kiapo: Mmatumbi, Mzaramo na Mngindo waliokuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni wanakunywa kitu kimoja. Kinjeketile anataka wangoje, wafunzwe vita, umoja wao ukomae. Hawangoji. Maji yamekuwa mali ya umma, na umma hauhitaji tena ruhusa ya aliyeyatoa. Mwisho yanakutana na bunduki za rashasha, na sote tunajua kilichotokea.

Unaona kilichobadilika? Kila hatua maji yanahama mikono, na kila yanapohama mhusika wetu anapungukiwa nguvu. Mwanzo yeye ndiye mwenye ishara. Mwisho ishara ndiyo yenye yeye. Ukiweza kuandika aya moja ya namna hii, inayofuata kitu kimoja kikihama mikono, tayari umeshawaacha nyuma nusu ya wanaoandika juu ya tamthilia hii.

Fanya na jambo la pili katika hatua hiihii: linganisha na historia pale inapowezekana. Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Hakuwaona maelfu waliokufa. Kinjeketile wa jukwaani anabaki hai hadi kushindwa, anakaa gerezani na Kitunda, anajua nani amekufa na kwa sababu gani. Hussein mwenyewe katika utangulizi anatahadharisha kwamba mtu wake wa jukwaani asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Kwa nini basi amwongezee siku? Ili abebe mzigo ambao kamba ya Mohoro ilimwondolea yule wa kweli. Mahali mwandishi alipoikunja historia, simama hapo uchimbe.

Tano: sasa fungua Biblia, na Msahafu

Sikatai kwamba kazi ya Kiafrika inaweza kuzungumza na vitabu hivi. Nakataa mwendo wa kuanza navyo. Ukifika hapa ukiwa na hatua nne mkononi, kila ufanano utakaouona upime kwa maswali matatu. Je, kazi yenyewe imeutaja, au imeandikwa mahali na wakati ambapo wahusika wangeweza kuujua? Je, ufanano unahusu jambo moja la pekee, au ni sifa ya jumla kama "aliteseka"? Na je, ukiutumia, unaona kitu ulichokuwa hukioni?

Tuujaribu. Injili ya Yohana inaanza: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Mbele kidogo Neno anafanyika mwili. Katika Uislamu nako Nabii Isa huitwa neno kutoka kwa Mwenyezi Mungu, katika Surat An-Nisaa aya ya 171. Sasa Kinjeketile naye analisema hili neno: binadamu amezaa neno, neno limekua, limemzidi aliyelizaa.

Swali la kwanza linatoa jibu la nusu. Wahusika ni watu wa tambiko, lakini mwandishi ni mtu wa pwani ya kusini, na hadhira yake ya 1969 ilijaa watu waliokariri aya na waliokariri Injili. Swali la pili linajibika vizuri, kwa kuwa "neno" ni la pekee kabisa, si sifa ya kila shujaa. La tatu ndilo lililonishinda kwa furaha. Katika Yohana, Neno linamtangulia mtu na kuja kwake kama zawadi. Hapa mtu analitangulia neno, linatoka kwake, kisha linamla. Ni Injili iliyopinduliwa chini juu. Sidhani kwamba Kinjeketile "ni Yesu". Nadhani amesimama upande wa pili wa mto, akitazamana naye.

Kwa kulinganisha, chukua Waiyaki wa Ngũgĩ wa Thiong'o katika riwaya ya 1965 inayojulikana kwa Kiswahili kama Njia Panda. Hapo ufunguo wa Biblia unaingia bila kusukumwa, maana mlango ulichongwa kwa ajili yake. Mchungaji Joshua anahubiri ng'ambo ya mto Honia, ndugu wanagombana juu ya Ukristo wenyewe, Waiyaki ameambiwa na baba yake unabii wa mkombozi atakayetoka vilimani, na watu wanamwita Mwalimu. Ngũgĩ anataka umfikirie Kristo. Kazi yako basi si kugundua ufanano, wala usijipongeze kwa kuuona. Kazi ni kueleza kwa nini mkombozi huyu anatokana na unabii wa mwonaji wa Kikuyu, Mugo wa Kibiro, huku akiwa amesomea kwa wamisionari Siriana. Ana manabii wawili mgongoni.

Na ufanano mwingine ni mtego mtupu. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe ndiye anayemchoma. Wengi husema: Samsoni! Samsoni, hata hivyo, nywele zake ni nadhiri kwa Mungu. Zikinyolewa, Bwana anamwacha. Kitovu cha Liyongo hakina nadhiri yoyote, ni siri ya mwili wake. Umbo moja, maana mbili. Ukitaka kumzungumzia Liyongo, zungumza juu ya mwana na tamaa, mwache Samsoni apumzike.

Sita: jina

Majina yanastahili hatua yao, maana mwandishi hupumbaza wasomaji wake hapo zaidi ya popote. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1971 imebeba jina la mhusika wake: Rosa Mistika. Mkatoliki yeyote aliyesali Litania ya Bikira Maria ameshalitamka kwa Kiswahili. Waridi lenye fumbo, utuombee. Ni jina la Bikira, na Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesoma seminari, hakuliokota barabarani.

Sasa mtazame binti anayelibeba. Baba yake, Zakaria, ni mlevi anayempiga bila huruma kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakwenda shule akiwa anawaogopa wanaume, kisha hofu hiyo inavunjika na kumtupa upande wa pili kabisa. Anamaliza kwa kujiua. Msomaji mvivu ataandika: jina lake ni kejeli, kwa kuwa hakuwa bikira. Hiyo ni kweli, nayo ni nyepesi kama unyoya. Soma tena litania. Hapo Maria haitwi waridi peke yake, anaitwa pia makimbilio ya wakosefu. Rosa alikimbilia kwa nani? Nyumbani kuna fimbo, na mchumba anamkataa kwa sababu ya ubikira. Fumbo la waridi hili ni kwamba kila aliyemdai usafi ndiye aliyeshiriki kumchafua. Ndiyo maana riwaya haikomei kaburini. Inawapandisha Rosa na Zakaria hadi mbele ya Mungu, baba na binti wakishitakiana.

Kwa hiyo, ukikuta jina la dini, usiishie kwenye maana ya jina. Tafuta sala, sura au simulizi jina lilimotoka, usome na mistari ya jirani.

Saba: kuandika

Hii hapa aya dhaifu, ya namna ninayoikuta mara kwa mara: "Maji katika tamthilia hii ni ishara ya kidini. Yanaashiria imani na matumaini. Pia yanaashiria ukombozi wa Mwafrika. Kinjeketile ni kama Musa aliyewakomboa Waisraeli." Sentensi mbili zinasema "yanaashiria" na hakuna hata moja inayotuonyesha maji.

Na hii niliyoiandika upya: "Maji yanaanza kama mali ya mto na kuishia kama mali ya umati. Katikati yake yupo Kinjeketile, ambaye anatoka mtoni mkavu, kana kwamba maji yalikataa kumgusa. Ukavu huo unawaaminisha watu kwamba yeye ni mteule. Baadaye tunauelewa vingine: maji hayakuwa yake hata siku moja. Watu wanapokwenda vitani bila amri yake, wanathibitisha kile ambacho nguo zake kavu zilikwishasema."

Tofauti si urefu. Aya ya pili imeshika kitu kimoja kidogo, ukavu, na kurudi nacho mwishoni. Haikutumia neno "ashiria" hata mara moja. Jaribu mwenyewe: andika ukurasa mzima ukijikataza kitenzi hicho. Mwanzoni utaona kalamu imefungwa kamba. Baada ya nusu saa utaanza kueleza mambo.

Nukuu kwa uchache na kwa usahihi, ukiwa na kitabu mbele yako. Kumbukumbu ya darasani hudanganya. Kama ni mtihani na huruhusiwi kitabu, simulia tendo kwa maneno yako badala ya kutunga nukuu. Msahihishaji anaijua tamthilia kuliko unavyodhani.

Lipo swali moja ambalo litakutesa ukifika mwisho wa insha, na ni vyema likutese. Gerezani Kitunda anamsihi Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye anakataa, kwa sababu akilikana neno, kesho watoto wataambiwa kwamba kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Je, huyu ni shahidi anayeifia imani? Ila imani hiyo yeye mwenyewe alishaacha kuiamini. Sijui dini yenye jina la mtu wa aina hiyo. Usimlazimishie. Weka ushahidi wa pande zote mbili, kisha rudi kwenye jedwali lako la safu tatu, andika jina lake chini ya "alishuku", na jina lilelile chini ya "aliamini".